Step 1 katikati ya rotesheni za mwaka wa nne: niufanye lini?

Kimbweta_Na7

Wakuu heshima kwenu, hasa madaktari na wanafunzi wa udaktari mliopita njia hii.

Niko Mwanza, nina wiki tatu tangu nianze mwaka wa nne wa MD. Tangu Januari nasomea USMLE Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari ya Marekani, kidogo kidogo. Kidogo kidogo maana yake ni kadi za Anki (programu ya kukariri) kwenye daladala, na maswali 20 usiku kama umeme upo. Betri ya kompyuta yangu inakaa dakika 40, baada ya hapo nazunguka maktaba kutafuta soketi kama fundi. Mwaka wa tatu nilimudu. Shida imeanza sasa.

Rotesheni, yaani kuzunguka idara za hospitali kwa zamu, nimeanza na uzazi, wiki 8. Saa 1 na nusu asubuhi niwe wodini nimeshawaona wagonjwa wangu. Jumanne na Ijumaa ni raundi kuu, na daktari bingwa wetu anauliza kila kitu mpaka jina la balozi wa nyumba kumi wa mgonjwa. Mchana kliniki au thieta. Koli (zamu ya kukesha) kila siku ya nne, leba, na huko hulali, unasubiri njia ya uzazi ifunguke sentimita kwa sentimita. Logibuku inadai idadi ya niliowazalisha, kila mmoja na saini yake, na mwenye kusaini anatafutwa kama mdaiwa.

Baada ya uzazi ni magonjwa ya akili wiki 4, kisha macho, kisha masikio, pua na koo, kisha mifupa, kisha afya ya jamii kijijini. Mitihani ya chuo ni Julai. Halafu likizo ya kama wiki 7 kabla ya mwaka wa tano, ambao ni tiba ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi tena, safari hii kwa ukubwa.

Wiki iliyopita nimetoka koli saa 3 asubuhi, nikaoga, nikafungua bloku ya maswali 40. Nikapata 14. Kumi na nne! Mwezi wa tano nilikuwa napata 22, 23. Nikaifunga kompyuta, nikaenda kukaa kimbwetani nikiwatazama watu wanavyocheza drafti.

Kuna la pili. Mjomba wangu yuko Dallas, anaendesha malori. Ameahidi kunilipia ada ya mtihani, ambayo ni takriban dola 1,000 kabla ya nyongeza ya kuufanyia nje ya Marekani. Lakini amesema wazi, pesa hiyo ipo hadi Juni tu, kwa sababu mwanawe anaingia chuo Agosti. Mama yangu anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, na bumu, yaani mkopo wa chuo, mnalijua lilivyo. Kwa hiyo pesa ya mjomba ikinipita, imenipita.

Nafikiria niufanye mwisho wa Februari, rotesheni ya akili ikiisha, maana nasikia ni nyepesi. Rafiki yangu ananiambia nimalize kwanza chuo ndipo nishike Step, nisije nikakamata sapu (mtihani wa marudio) huku nakimbizana na Marekani. Miezi mingapi inatosha kwa mtu aliye wodini? Na nyie mliofanya, mlisoma saa ngapi?

Mzalendo_Halisi

Kwani Tanzania wagonjwa wameisha?

Kimbweta_Na7

Hawajaisha mkuu. Nimewaacha leba saa moja hii, watatu wako sentimita nane.

ChapoMadondo_254

Boss, niaje. Niko Eldoret, mwaka wa sita. Mimi sijaufanya bado, kwa hivyo kwa upande wa kusoma nitanyamaza. Nitasema tu la Nairobi, kwa sababu najua wengi wenu mnakuja kufanyia hapa. Usifike usiku wa kuamkia mtihani. Kuna classmate wangu alitoka huku na basi la usiku, akaingia kituoni miguu imevimba, na bloku ya kwanza hakumbuki hata aliulizwa nini. Fika siku mbili kabla, ulale mahali unaweza kutembea kwa miguu hadi kituoni, na uende ukaione hiyo barabara asubuhi ya siku iliyotangulia, saa ile ile utakayopita. Jam ya Nairobi haijui wewe ni daktari.

MtoriNaTheluji

Mdogo wangu, pole na leba.

Mimi niko Michigan, mwaka wa kwanza wa residensi, yaani mafunzo ya ubingwa, ya tiba ya ndani. MD nilisomea Moshi. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, kwa hiyo nikirukaruka nivumilie.

Ile 14 ifute. Mwaka 2022 na mimi nilifungua bloku asubuhi ya kutoka koli, nikapata 15 kati ya 40, nikalia bafuni. Jumamosi yake, nikiwa nimelala usiku mzima, nikafanya bloku nyingine nikapata 25. Katika zile siku tatu sikuwa nimejifunza kitu chochote kipya, nilikuwa nimelala tu. Tangu hapo nikajiwekea mwiko: siku ya kutoka koli sigusi maswali. Benki ya maswali inalipiwa kwa dola, na swali ukishaliona jibu lake limekufa, hutalipata tena likiwa bichi. Ukiyafungua umekesha, unayachoma bure.

Sasa la miezi. Kwa mtu aliye wodini hesabu ya miezi inadanganya. Miezi miwili ya leba na miezi miwili ya macho ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama kalenda inavihesabu sawa. Chukua karatasi moja, andika rotesheni zako zote mpaka mwisho wa mwaka wa tano na tarehe zake. Mbele ya kila moja andika mambo mawili: inaninyima usingizi mara ngapi kwa wiki, na inanifundisha nini kilichomo kwenye mtihani. Tarehe ya mtihani itafute baada ya hapo.

Mimi sikufanya hivyo. Ukijisajili unachagua dirisha la miezi mitatu, na ndani ya hilo unatafuta siku. Nikachagua Machi hadi Mei 2022 kwa hesabu ya kichwani: nimesoma mwaka mzima, miezi mitatu mbele si haba. Machi ikanikuta uzazi. Aprili uzazi. Mei mifupa, nashikilia miguu ya watu thieta huku mgongo wangu mwenyewe unalia. Mwisho wa Aprili nikafanya mtihani wa majaribio wa NBME, bodi inayotunga Step, nikapata asilimia 54. Sisi tuliokuwa tunasoma pamoja tulikubaliana mtu asiingie chumba cha mtihani kabla hajapata kati ya 65 na 70 mara mbili mfululizo. Nikalipa kuongeza dirisha, na kuongeza ni mara moja tu, likawa Juni hadi Agosti. Pesa hiyo ilikuwa kodi ya chumba changu ya miezi mitatu. Mwenye nyumba alinielewa, ila mkewe hakunielewa.

Kilichoniokoa ni likizo. Nilikuwa na wiki sita. Nilikataa kwenda nyumbani Marangu, na mama alinuna. Saa 2 asubuhi nimeketi maktaba, bloku ya kwanza, saa moja kamili kwa saa ya ukutani, simu iko kwa rafiki. Kisha saa mbili, wakati mwingine tatu, za kupitia yale maswali 40 moja moja, yale niliyopata na yale niliyokosa. Wali maharage kwa mama ntilie. Bloku ya pili saa 9. Jioni kadi. Jumapili kanisani na kufua, basi. Saa 2 asubuhi niliichagua makusudi, maana mtihani wenyewe huanza asubuhi na mwili unatakiwa uzoee kufikiri saa hiyo. Wiki ya tano nikapata 66, ya sita 71.

Tarehe nayo ina kisa chake. Kenya walikuwa na uchaguzi mkuu tarehe 9 Agosti mwaka ule, na kila mtu aliniambia usiwepo Nairobi. Matokeo yakatangazwa tarehe 15, mji ukatulia, mimi nikawa nimeshachukua nafasi ya tarehe 23. Sikukumbuka kwamba tarehe 23 Agosti 2022 ndiyo siku ya Sensa kwetu. Nilipanda shatoo ya Namanga, nikalala kwa shangazi South B, na usiku ule wa kuamkia Sensa nikawa nje ya nchi. Karani alipofika Marangu mama akamwambia ana binti mwingine, karani akamjibu kama hakulala hapa haandikwi. Hadi leo mama ananitania kwamba serikali hainijui.

Mtihani ulikuwa bloku 7 za saa moja moja, maswali hadi 40 kila bloku, na mapumziko ya dakika 45 uyagawe mwenyewe. Niliyagawa vibaya. Dakika 20 niliziteketeza baada ya bloku ya pili kwa sababu ya woga, na mwishoni nilikuwa nakula ndizi nimesimama mlangoni. Nilifaulu.

Turudi kwako. Akili ni rotesheni tamu kwa kusoma, usiku wako ni wako. Lakini unataka wiki 4 zifanye kazi ya kukutoa kwenye uchovu wa leba, kumaliza patholojia ambayo ni karibu nusu ya Step 1, na kufanya majaribio mawili ya NBME. Haziwezi. Februari utaingia ukiwa na 58 na matumaini. Tangu 26 Januari 2022 Step 1 haitoi alama kwa anayefaulu, ni umefaulu au umeanguka, kwa hiyo hakuna anayekupa sifa kwa kuuwahi. Kuanguka ndiko kunakobaki kwenye rekodi yako milele, na kila hospitali utakayoomba italiona. Mwaka 2023 zaidi ya robo ya waliotoka vyuo vya nje ya Marekani na Kanada walianguka jaribio la kwanza. Wengi wao si wajinga, tunasoma nao.

Mimi ningekuwa wewe ningefanya likizo ya Agosti, na rotesheni zote kabla ya hapo ningezitumia kwa viwango tofauti. Leba: kadi tu, dakika 30, na maswali matano ya ugonjwa uliouona siku hiyo. Umemwona mama mwenye kifafa cha mimba akiwekewa magnesiamu? Usiku huo soma kwa nini mnampima refleksi ya goti kila mara, kwa nini inapotea kabla pumzi haijaanza kushindwa, na kwa nini kalisiamu glukoneti imewekwa pembeni. Oksitosini ikizidi kwa nini sodiamu inashuka? Hayo yote ni Step 1 na umelipwa kuyaona, yaani hujalipwa, lakini umeelewa. Akili, macho, masikio: bloku nzima kila siku. Afya ya jamii kijijini mtandao utakukimbia, ila Anki inafanya kazi bila mtandao, na takwimu zile za unyeti wa kipimo na hatari linganishi ambazo wenzako wanazisinzia ni alama za bure kwenye mtihani huu.

Na mjomba: hukuelewa vizuri jinsi pesa inavyokwenda. Ada inalipwa unapojisajili, wala haingoji siku ya mtihani. Unaweza kujisajili Mei, ukalipa kwa pesa ya mjomba, na ukachagua dirisha la Julai hadi Septemba. Mjomba atakuwa amelipa kabla ya Juni kama alivyosema, na wewe utafanya Agosti. Anza na ofisi ya msajili wa chuo chako mapema, Machi hivi, kwa sababu chuo lazima kithibitishe kwamba wewe ni mwanafunzi wao, na ukisubiri uende kijijini kwanza hutampata mtu. Paspoti nayo itazame leo. Majina yalingane herufi kwa herufi na ya kibali cha mtihani. Utaratibu wa fomu tangu enzi zangu umebadilika, usome kwenye tovuti zao wenyewe, usisome kwangu.

Rafiki yako anayesema umalize kwanza chuo ana hoja moja na amekosa moja. Hospitali nyingi za Marekani humpokea mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aje afanye rotesheni, amguse mgonjwa, aandikiwe barua ya mapendekezo. Ukishahitimu, mara nyingi unabaki kusimama nyuma na kutazama. Na wengi wao wanataka kuona Step 1 umefaulu kabla hawajakujibu. Kama unaota kwenda huko mwaka wa tano, hapo ndipo Agosti inapokusaidia.

Intani_Ruvuma

Dada Mtori ameandika vizuri ila naomba niwe shahidi wa upande wa pili, maana humu wanaofaulu ndio wanaoandika.

Mimi nilianguka. Nilimaliza chuo, nikaanza intani, ule mwaka wa mafunzo kazini, nikajiambia sasa nina mshahara, nina chumba changu, hakuna sapu. Sikujua intani ni nini. Mwanafunzi ukichoka unajificha maktaba. Intani ukichoka simu inaita, wewe ndiye daktari wa wodi. Nilikuwa kwenye upasuaji, dirisha linafungwa baada ya siku tisa, sijapumzika Jumapili tatu. Nilikuwa na uwezo wa kuliacha lipite nipoteze pesa. Nikaona uchungu kupoteza pesa, nikapanda basi kwenda Nairobi, nikapoteza pesa na jaribio. Majaribio ni manne tu kwa kila Step, maisha yako yote. Nimebakiwa na matatu, na sijui kama nitarudi.

Kwa hiyo mdogo wangu, usiahirishe hadi intani ukidhani kuna nafasi huku. Lakini pia usimwache mjomba au tarehe ikupeleke chumba cha mtihani. Asilimia yako ya NBME ndiyo ikupeleke. Mimi yangu ya mwisho ilikuwa 57 na niliijua.

Jambo jingine ambalo nalisema kwa sababu hakuna aliyeniambia: intani ifanye hata kama unaondoka. Usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika ni wa kwako. Mambo ya viza na Match (mfumo wa kugawa nafasi za residensi Marekani) yakienda kombo, utarudi ukiwa daktari kamili, hutarudi ukiwa mwanafunzi mzee.

MtoriNaTheluji

Intani, asante sana kwa kuandika hili. Sikuwa najua na nisingeweza kulisema. Ukitaka kurudi nitafute kwa ujumbe, tukae na ratiba yako. Nani kasema ni siku zote upasuaji? Ukimaliza intani utakuwa na kipindi kabla ya ajira, na hicho ni kipindi kizuri kuliko vyote.

Na mimi nilifanya intani, Novemba 2023 hadi Novemba 2024, wala sijutii. Saa 8 usiku hapa, mgonjwa akianguka presha, mikono yangu inajua la kufanya kabla kichwa hakijaamka. Hiyo nilijifunza nikiwa intani.

Kimbweta, la mwisho, la Step 2 CK, mtihani unaofuata Step 1, maana usipolipanga sasa litakukuta. Ule ndio wenye alama za tarakimu tatu, na ndio watakaoutazama. Mimi nilipoufanya Septemba 2023 kiwango cha kufaulu kilikuwa 214, sasa ni 218, lakini kwa sisi wa nje kufaulu pekee hakutoshi. Tiba ya ndani inagusa asilimia 55 hadi 65 ya maswali. Kwa hiyo mwaka wa tano, kama kundi lako linaruhusu kubadilishana, hakikisha tiba ya ndani ndiyo rotesheni yako ya mwisho, halafu fanya mtihani ukitoka mitihani ya kumalizia chuo, kabla haijapoa. Mimi kundi langu lilikuwa limepangiwa tiba ya ndani kwanza. Nikambembeleza kaka mmoja wa kundi jingine tubadilishane, akakubali kwa sharti nimwandikie kesi zake mbili za watoto. Nilimwandikia tatu.

Na anza kuzoea lugha yao. Wodini kwetu sukari ni milimoli, huku wanaandika miligramu kwa desilita, zidisha kwa 18. Kriatinini ya 88 kwetu kwao ni 1. Salbutamoli wanaiita albuterol, adrenalini ni epinephrine, pethidini ni meperidine, na parasetamoli ni acetaminophen. Bloku yangu ya kwanza ya Step 2 nilikosa swali la pumu kwa sababu nilidhani albuterol ni dawa mpya. Mgonjwa wa mtihani naye ni mwingine. Ana miaka 45, hana tatizo lolote, na swali ni apimwe nini: jibu ni uchunguzi wa utumbo mpana. Kwetu mtu wa miaka 45 asiye na tatizo hajafika hospitali. Moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambao nimeusikiliza wodini mpaka nikauchoka, ulinijia mara moja tu, kwenye swali la sauti, na nililipata kabla sauti haijaisha.

ChapoMadondo_254

Hiyo ya albuterol imenimaliza. Naandika kwa ukuta.

Kimbweta_Na7

Dada, shikamoo, na asante. Kaka Intani, shikamoo na wewe, na pole. Nimesoma yenu mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti mbele ya chumba kizima, na mwenzangu mmoja aliyekuwa anajaza dirisha la Februari ameacha.

Nimechora ile karatasi. Nimegundua kitu: kati ya akili na mwisho wa mifupa nina wiki 14, na koli ni wiki 4 tu kati ya hizo. Nilikuwa naona mwaka mzima ni leba kwa sababu niko leba.

Swali moja dogo. Mitihani ya chuo ya Julai nitaisomaje huku nikijiandaa na Agosti? Madesa (notisi za chuo) ya hapa na maswali ya kule hayafanani.

MtoriNaTheluji

Marahaba. Kuanzia katikati ya Juni benki ya maswali ifunge. Kabisa. Soma madesa, faulu chuo. Ukikamata sapu, sapu inafanywa kwenye likizo ile ile unayoitegemea, na utakuwa umepoteza vyote viwili. Kadi za Anki tu zisisimame, dakika 20 kwa siku, zikilundikana hutazimaliza. Dirisha lako chukua tarehe ya mwisho mwisho wa Agosti, usichukue mwanzo. Ukibadilisha tarehe mapema hutozwi, ukichelewa kubadilisha unatozwa.

Kimbweta_Na7

Sawa dada.

Nimeongea na mjomba jana usiku, kwake ilikuwa mchana, amesimama kituo cha mafuta Oklahoma. Nimemweleza la kulipa Mei na kufanya Agosti. Akanyamaza kidogo nikadhani mtandao umekata. Akasema sawa, ila nimtumie dagaa wa Mwanza kilo mbili kupitia mtu yeyote anayekwenda, wakavu, wasio na mchanga. Mama ameshaanza kuchagua.

Naingia koli.